Somoe Salehe Hakufanya Mtihani

Kati ya watoto ishirini na wawili waliokuwa wakimsikiliza Mzee Mbwana Pazi asubuhi ile ya Juni, hakuna aliyemwamkia. Alikuwa amekaa sebuleni kwa binti yake Wahiba, Tandika, mbele ya kompyuta iliyopandishwa juu ya ndoo ili kamera imwone uso na si kidevu. Akavitazama vile visanduku vyeusi vyenye majina, akangoja. Aliingoja shikamoo kama mtu anavyongoja chenji yake dukani: haombi, ila haondoki.

Kisanduku kimoja kikasema, "Tichaa, tunakusikia, we anza tu."

"Nyie mnanisikia," alisema Mzee Mbwana. "Mie sijawasikia nyie. Kwenu mgeni akiingia mnamwambia aanze tu?"

Ndipo shikamoo zikaja, moja moja, kwa kuburutwa, kama mbuzi wanaopelekwa kuogeshwa. Akaitikia kila moja, marahaba ishirini na mbili bila kuruka hata moja. Robo saa ya somo ikateketea, na simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa mwenye kambi, kijana aitwaye Edgar: "Mzee wangu, muda."

Kambi yenyewe haikuwa na hema wala moto. Ilikuwa kambi ya likizo ya mtandaoni, wiki nne, na Edgar aliiendesha kutoka chumba kimoja Mikocheni, juu ya karakana ya makochi. Wazazi wa Mbweni na Mikocheni walilipia watoto wao wasishinde likizo nzima wamelala na simu, na sasa watoto walishinda wamelala na simu wakiwa darasani. Tangazo lilisema watafundishwa stadi za kitaaluma kupitia historia ya nchi tangu uhuru: kusoma chanzo, kuchukua noti, kujenga hoja, kuandika insha. Edgar alifika Tandika kutafuta picha za magazeti ya zamani, maana alisikia kuna mzee mwenye masanduku manne ya magazeti. Akakaa saa tatu. Alipoondoka hakuwa na picha hata moja, ila alikuwa amepata mwalimu.

Mwalimu huyo aliishia darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea, na akiwa na miaka kumi na mitano aliingia kiwanda cha uchapaji Barabara ya Pugu kufagia sakafu. Baada ya miaka miwili wakamfundisha kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, na ndivyo alivyosoma dunia: kutoka kulia kwenda kushoto, vidole vyeusi. Alisoma kila kilichopita mkononi mwake, hotuba za bajeti, vijitabu vya kilimo cha pamba, kalenda za misikiti, maelezo ya dawa ya minyoo. Kiingereza alikichimba kwa kamusi kama mtu achimbaye kisima kwa kijiko. Halafu zikaja mashine, risasi ikauzwa kwa kilo, na mwisho kiwanda chenyewe kikageuzwa ukumbi wa harusi. Pale alipokuwa akipanga herufi leo wanapanga viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa kiunoni.

Basi akawa mtu wa hasira. Alikasirikia ukumbi. Alikasirikia vijana wanaosimama kwenye meza ya magazeti, wakasoma vichwa vya habari na kuondoka, wakati zamani mmoja alinunua, akasoma kwa sauti, na sita wakabishana mpaka adhuhuri. Alikasirikia watu wasioandika barua, na wanaoandika bila nukta. Wahiba alizoea kusema baba yake akikosa cha kumkasirisha hujisikia mgonjwa.

Kambini hakukosa. Insha ya kwanza iliuliza kwa nini serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha mwaka sabini na moja. Zikaja insha ishirini na mbili, na kumi na nane kati yake zilianza kwa sentensi ileile. Akaisoma mbele ya kamera.

"'Ni muhimu kutambua kwamba suala hili lina sura nyingi.' Haya. Nani kaiandika?"

Akavihesabu visanduku kwa kidole.

"Watu kumi na nane, wengine mko Mbweni, mmoja yuko Maskati kwa shangazi yake, mkaamka mkasema neno moja. Nyie ni malaika?"

"Labda tumelelewa pamoja, Tichaa," alisema mmoja aitwaye Talha, aliyejulikana kwa mdomo wake.

"Mmenyonya ziwa moja," alisema Mzee Mbwana. "Ziwa la mashine. Na maziwa yake ni maji."

Walicheka, naye akazidi kuwaka. Akawapa sharti alilolishika tangu ujana. Jambo la historia, aliwaambia, halikubaliki mpaka lipate mashahidi wawili wasiokula sahani moja. Mtu na mkewe ni sahani moja. Serikali na gazeti lake ni sahani moja. Akili mnemba ya simu hii na akili mnemba ya simu ile, sahani moja, tena sahani chafu. Wakaandika, au walisema wameandika.

Mmoja aliandika kweli. Huyo ni Munira, msichana wa miaka kumi na mitano kutoka Kiwalani, kidato cha pili katika shule ya kata ambamo darasa moja lina wanafunzi tisini. Edgar alimwingiza bure kwa kuwa tangazo lake lilitaka picha ya mtoto mmoja wa uswahilini. Munira alisoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kisanduku chake kikizimika kila mara na kurudi. "Samahani Babu, bando," angesema. Wengine wote walimwita Tichaa. Yeye alimwita Babu. Aliuliza maswali yenye miiba. Mzee Mbwana hakumsifu hata siku moja, lakini Wahiba aliona kwamba kisanduku kile kikizimika baba yake hupoteza mstari aliokuwa akiusoma.

Katika wiki ya tatu Edgar akaleta habari. Shule moja ya binafsi ilikuwa imeipa kambi nafasi moja ya kusomeshwa bure, kuanzia kidato cha tatu, bweni na vitabu juu yao. Ingemwendea mwenye insha bora ya mwisho, na mwalimu ndiye atakayeamua. Mada ilikuwa huru: kila mtoto amhoji mzee mmoja juu ya jambo aliloliona kwa macho yake baada ya uhuru. Hakuna aliyelisema, lakini kila mtu alijua kwamba kati ya wale ishirini na wawili, ishirini na mmoja wangesoma shule nzuri hata wangeandika insha kwa miguu.

Insha ya Munira ilifika ya kwanza. Mzee Mbwana aliivalia miwani, akasoma ukurasa wa kwanza akisahau chai yake. Ilihusu kisomo cha watu wazima huko Kiwalani.

"Bibi yangu Chausiku Marijani alijifunza kuandika akiwa na mtoto mgongoni," aliandika Munira. "Darasa lao lilikuwa banda la chuo cha Kurani, na mwalimu alikuwa kijana mwenye kaptula ya kaki na filimbi. Mwaka sabini na tano ulipofanyika mtihani wa nchi nzima, Bibi aliandika kila alichoulizwa. Mwalimu aliikataa karatasi yake mbele ya darasa zima akasema imeandikwa na mtu mwingine. Walilikataa jina lake. Tangu siku ile Bibi hakushika kalamu tena, na mama yangu alijifunza kusoma bila kujua kwamba mama yake aliwahi kujua."

Mzee Mbwana akavua miwani. Akaivaa tena.

Kijana mwenye kaptula ya kaki na filimbi alikuwa yeye. Akiwa na miaka ishirini alijitolea kufundisha pale, jioni tano kwa wiki, baada ya kutoka kiwandani, bila senti. Kati ya yote aliyofanya duniani, hilo ndilo alilojivunia. Na rejesta ya darasa lile alikuwa nayo, kwenye sanduku la tatu, imefungwa kwa gazeti. Akaitoa. Wanafunzi thelathini na saba, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwemo Chausiku mmoja tu, Chausiku binti Kondo, na huyo wakati ule alikuwa bibi kizee tayari. Asingeweza kuwa nyanya wa mtoto wa leo. Chausiku Marijani hakuwepo. Kweli aliwahi kuikataa karatasi moja, na kisa hicho alikisimulia kwa miaka hamsini kama mfano wa uangalifu wake, lakini aliyekataliwa aliitwa Somoe, mtu aliyetaka kuandikiwa mtihani na mwenzake.

Sasa huyu Chausiku Marijani katoka wapi? Na hilo neno, "walilikataa jina lake", lina maana gani? Nani hukataa jina? Akalizungushia wino mwekundu. Hiyo ndiyo lugha ya mashine, alijiambia, maneno matamu yasiyo na mfupa. Kwa vile alikuwa amempenda mtoto yule, hasira ilimpanda mara mbili.

Hakungoja. Usiku ulipita bila kumpoza. Saa nne darasa lilipofunguka alikuwa tayari amekunja rejesta mkononi, na shikamoo zao hakuzijali.

"Munira. Uko?"

"Nipo, Babu."

"Bibi yako alisoma banda la chuo, Kiwalani, mwaka sabini na tano."

"Ndiyo, Babu."

"Mwalimu wa banda lile nilikuwa mie." Akainua rejesta mbele ya kamera. "Wanafunzi wangu hawa hapa. Hakuna Chausiku Marijani. Hakuwepo! Ama mashine imekutungia, ama bibi yako kavaa kisa cha mtu mwingine kama kanga ya kuazima. Insha hii ni uongo, na mie nimeipa sifuri."

Ile sauti ndogo ikasema, "Mie sijadanganya. Na Bibi hajadanganya." Halafu kisanduku kikazimika, na safari hii haikuwa bando.

"Tuendelee," alisema Mzee Mbwana.

"Tichaa, swali," alisema Talha. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Shahidi wa kwanza ni wewe, si ndiyo? Wa pili ni rejesta."

"Ndiyo."

"Na rejesta kaandika nani?"

Mzee Mbwana akaigeuza rejesta mkononi.

"Namaanisha tu, Tichaa. Hiyo si sahani moja?"

Akaifunga kompyuta kwa kishindo hata ndoo ikayumba. Wahiba, aliyekuwa akikunja nguo nyuma yake, hakuinua macho. "Baba," alisema, "mtoto wa watu umemvua nguo sokoni."

"Kadanganya!"

"Umemuuliza bibi yake?"

Alimfokea Wahiba, akamfokea Talha ambaye hakuwepo, akawafokea waliovumbua kompyuta. Kisha akavaa kofia yake, akaweka rejesta kwapani, akamwambia binti yake amwitie bajaji. Alikwenda, alisema, kuukomesha uongo penye shina lake.

Nyumba ilikuwa kwenye uchochoro wa Kiwalani ambako ndege hupita chini hata vikombe hulia kabatini. Kikongwe mmoja alikuwa uani anapeta mchele. Munira alikuwa kando yake, macho mekundu. Alisimama akasema, "Shikamoo," basi. Lile neno Babu halikufuata, na Mzee Mbwana aligundua kwamba alikuwa akilingoja.

Kikongwe akamtazama, ungo ukiendelea kucheza mikononi. "Mwalimu Mbwana," alisema. "Umenenepa."

"Wanijua?"

"Nikusahau vipi? Kaa, kigoda hicho. Filimbi umeiacha wapi?"

Akakaa. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado nzima, lakini haikupata pa kushikia. "Bi Chausiku," alianza, "mie sikukuandika katika darasa langu. Rejesta hii hapa."

"Fungua. Soma namba ya kumi na nne."

Akafungua. Jina lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka, wa rula. "Somoe Salehe," alisoma.

"Nipo," alisema Bi Chausiku.

Ndege ikapita. Hakuna kusema chini ya ndege Kiwalani. Watu husimama katikati ya neno na kungoja. Walingoja, na katika kungoja huko Mzee Mbwana akaanza kuona, kabla hajaambiwa, kama mtu anayemwona nyoka baada ya kumkanyaga.

"Niliolewa na Salehe," alisema kikongwe mngurumo ulipokwisha. "Mama yake Salehe nani?"

Kidole cha mzee kikapanda mstari mmoja. Alikuwa akitazama namba ya kumi na tatu. Chausiku binti Kondo.

"Nimeingia nyumba yenye Chausiku. Mume ataanza kumwita mkewe jina la mama yake? 'We Chausiku, niletee maji'? Si ndiyo nikaitwa Somoe, maana mie somo yake, wa jina moja naye. Siku ya kwanza mpaka leo, kwa Salehe mie Somoe. Na orodha alikuletea Salehe, mie nilikuwa jikoni. Ukaandika alivyosema."

"Na siku ya mtihani..."

"Siku ya mtihani ulisema, juu ya karatasi kila mtu aandike jina lake. Miezi minane ulitufundisha, Mwalimu, ukipiga ubao: jina ni mali ya mtu, asikubali kuandikiwa. Nikaandika langu, alilonipa baba yangu. Ndilo neno nililolipenda kuliko yote uliyotufundisha. Nilikuwa nikiliandika kwa mkaa nyuma ya choo."

Munira alikuwa ameacha kufuta macho. Ilionekana wazi kwamba habari hii ya majina mawili naye alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza.

"Ukasimama na karatasi," aliendelea bibi yake. "'Chausiku Marijani ni nani? Hayumo humu. Na ya Somoe iko wapi?' Ukanijia. 'Wewe, jina lako nani?' Na mama mkwe kakaa mkekani mbele yangu, mgongo wake huu hapa, naweza kuugusa. Nilitamke? Nimwite mama wa mume wangu kavukavu mbele ya majirani?"

"Ungenifuata pembeni."

"Pembeni!" Bi Chausiku akacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. "Wewe ulikuwa na pembeni? Ulikuwa na filimbi. Nikainama. Ukawaambia wenzangu, 'Mnaona? Mwizi hana ulimi.' Ukapiga mstari hapo, tena kwa rula, usipinde."

Mzee Mbwana akaupitisha kidole juu ya mstari ule. Ingekuwa mwalimu mgeni, angesema hakujua. Lakini alizaliwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka pale. Mama yake mwenyewe, kwa wakweze, aliitwa jina la kupachikwa maisha yake yote kwa sababu hiyohiyo, na jina lake halisi Mbwana alilijua siku walipoliandika kwenye kibao cha kaburi. Miaka hamsini alilia kwamba watu wameacha adabu, wameacha haya, hawajui nani haitwi kwa jina. Na siku haya hiyo ilipoketi mbele yake mkekani, ikainamisha kichwa, aliikata kwa wino mwekundu. Aliona hasira ikimjia tena, kubwa kuliko ya asubuhi, na hakuwa na wa kumtupia.

"Bi Chausiku," alisema, "nitakuandikia hati yako. Kwa mkono wangu. Nitasimama—"

"Hati ya nini sasa? Nikaitundike kaburini?" Akaelekeza kidole kwa Munira. "Yuko huyu. Shughulikia huyu."

Alimpigia Edgar palepale uani. Edgar alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Mzee wangu, ishu ni kwamba imeshafungwa. Wewe ulizima kompyuta bila kuchagua, nami nimechukua ya Azan, yule wa Mbweni. Kesho saa sita mchana naituma shuleni."

"Ya Azan ni ya mashine! Inaanza na 'Ni muhimu kutambua'!"

"Lakini inasomeka vizuri. Na baba yake analeta watoto wawili kila mwaka."

"Shule itampa Azan kitanda wakati kwao ana vyumba vya kuchagua?"

"Mzee, nisikilize. Mie simchukii Munira. Lakini wewe mwenyewe umesema ni uongo, mbele ya watoto ishirini na mmoja, na darasa linarekodiwa. Nikituma yake, baba Azan atanirushia hiyo rekodi usoni. Nitamjibu nini?"

Hapo Mzee Mbwana akaelewa kwamba mlango alioupiga kufuli ulikuwa na ufunguo mmoja tu. "Kesho saa nne," alisema, "fungua darasa. Washa hiyo rekodi yako. Munira hatakuwa na shahidi mmoja. Atakuwa na wawili, na wa pili ni mie, ninayemchukia sana yule aliyempinga."

"Mzee, sasa hiyo itaharibu jina la kambi. Mwalimu kujisema—"

"Liharibike! Jina la mtu lilikaa miaka hamsini limeharibika na hakuna aliyepiga simu!"

Edgar akashusha sauti. "Saa nne," alisema. "Lakini insha inifikie kabla ya saa sita. Ikipita, natuma ya Azan."

Alipokata simu, Munira alikuwa amesimama mbele yake na daftari. Hakuonekana kama mtu aliyesamehe. "Nitakuhoji mie," alisema. "Mbele yao. Wewe ndiye chanzo."

"Ndiyo."

"Na jina lako nitaliandika?"

"Kamili. Na la baba yangu."

Mwisho wa jambo lenyewe ni vizuri usemwe hapa, asije mtu akakaa roho juu. Insha ilimfikia Edgar saa sita kasoro dakika kumi na mbili, na ukurasa wa namba kumi na nne umepigwa picha na kubandikwa ndani yake. Edgar, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu mwoga, aliituma. Baba Azan aliwaondoa watoto wake kambini kwa maneno makali. Januari Munira aliingia kidato cha tatu katika shule ile. Mzee Mbwana hakuitwa kufundisha mwaka uliofuata. Walimchukua dada mmoja mwenye slaidi.

Lakini asubuhi ile, saa nne, visanduku ishirini na viwili vilikuwepo. Kimoja kilikuwa na uso. Munira alikuwa amewasha kamera, nyuma yake ukuta wa tofali na ungo mmoja wa akiba umetundikwa. Bibi yake hakuonekana, ila sauti ya mchele unaopetwa ilisikika. Kisha Talha akawasha yake, halafu mwingine, mpaka Mzee Mbwana akajikuta anatazamwa na watoto ambao kwa wiki tatu hakujua wana sura gani. Wengine walikuwa wadogo kuliko alivyodhani.

"Jina lako kamili," alisema Munira.

"Mbwana Pazi Mwinyimkuu."

"Kazi yako mwaka sabini na tano."

"Mpanga herufi. Na mwalimu wa kujitolea, Kiwalani."

"Soma namba ya kumi na nne, na maelezo yaliyo pembeni."

Akaisogeza rejesta karibu na miwani. "'Somoe Salehe. Hakufanya mtihani. Karatasi yenye jina jingine imekataliwa.'"

"Nani kaandika?"

"Mie."

"Ni kweli kwamba hakufanya mtihani?"

"Si kweli. Alifanya. Alifanya vizuri. Niliikataa bila kuisahihisha, halafu jana nikamwita mjukuu wake mwongo mbele yenu. Uongo ulikuwa wangu, mara zote mbili."

Munira aliandika. Hakuharakisha, aliandika kama alivyofundishwa, kwa maneno yake mwenyewe, kisha akarudi kwenye swali. Mzee Mbwana, aliyewahoji watu maisha yake yote, alihisi jasho chini ya kofia.

"Ulikuwa unajua desturi ya majina, ya mkwe na somo?"

"Niliijua."

"Ulimwona mama mkwe wake kakaa mbele yake?"

"Nilimwona. Namba kumi na tatu. Nilimwona!" Sauti ilimpanda. "Sikutazama. Nilikuwa na rejesta mkononi, na mtu mwenye rejesta mkononi haoni mtu. Andika hivyo."

"Nitaandika nikimaliza kuuliza," alisema Munira. "Darasa lilikwisha jioni ile. Watu wakaenda nyumbani. Kesho yake ukafundisha tena, na keshokutwa. Mpaka mwaka ukaisha. Nyumba ya babu yangu ilikuwa hatua mia moja kutoka bandani. Kwa nini hukwenda kumuuliza?"

Mchele ukaacha kulia nyuma ya ukuta.

Mzee Mbwana akatazama nyuso zile. Alitafuta jibu kule alikozoea kupata majibu, katika magazeti, katika hotuba, katika makosa ya watu wengine, na kila alipoinua jambo alikuta ni jepesi, akaliweka chini. Edgar alikuwa amekwisha mtumia ujumbe, na saa ya kompyuta ilikuwa ikienda.

"Babu?" alisema Munira.

"Andika," alisema mzee, "hakujibu."